Kupapasa Atomu kwa Atomu: Hadubini ya Upenyaji na Magamba Membamba ya Vipitishi Vikuu Visivyo vya Kawaida

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna hadubini ya upenyaji inavyotumika kuchunguza vipitishi vikuu visivyo vya kawaida vilivyochanwa hadi kubaki gamba lenye unene wa tabaka moja au machache. Msisitizo umewekwa kwenye oksidi ya shaba ijulikanayo kwa jina la Bi-2212, ambayo imechunguzwa kwa kina kwa chombo hiki, na kwenye grafini iliyopandanishwa kwa pembe. Swali linaloongoza mjadala ni iwapo kile kinachosomwa na ncha ya hadubini juu ya uso wa fuwele kinaweza kuchukuliwa kuwa ndiyo hali ya fuwele nzima. Inaoneshwa kwamba kwa Bi-2212 majaribio yaliyochapishwa mwaka 2019 yameimarisha sana jibu la ndiyo, ilhali kwa grafini umbo la pengo la nishati peke yake halitoshi kuamua aina ya kipitishi. Sehemu ya mwisho inajadili masharti ya utafiti wa namna hii kwa nchi za Afrika Mashariki.

1. Utangulizi

Mwaka 1911, katika maabara ya Leiden nchini Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes alipoza zebaki hadi kiasi cha kelvini 4.2, yaani takribani nyuzi 269 za Selsiasi chini ya sifuri, akakuta kwamba ukinzani wake wa umeme umetoweka ghafla, wala si kupungua kidogo kidogo. Mada yenye tabia hiyo huitwa katika makala haya kipitishi kikuu. Neno kondakta lingekuwa jepesi kutamkwa, lakini msomaji wa Afrika Mashariki alisikiapo humjia kwanza mtoza nauli wa daladala au matatu. Isitoshe, kipitishi na kihami tayari ni istilahi zilizozoeleka katika vitabu vya fizikia vya Kiswahili.

Ilipita miaka 46 kabla ya maelezo kamili kupatikana. Mwaka 1957 John Bardeen, Leon Cooper na Robert Schrieffer walionesha kuwa elektroni, ambazo kwa asili yake husukumana, huweza kuungana mbili mbili kwa msaada wa mitetemo ya atomu za fuwele, na kwamba jozi hizo zote husafiri kwa mwendo mmoja usiokwamishwa na kasoro za njiani. Kuivunja jozi kunahitaji kiasi fulani cha nishati. Kiasi hicho ndicho kiitwacho pengo la nishati, na katika vipitishi vikuu vya kawaida, kama vile risasi na aluminiamu, pengo hilo huwa karibu sawa kwa kila mwelekeo ambao elektroni husafiri.

Mwaka 1986 Georg Bednorz na Alex Müller, katika maabara ya utafiti ya IBM karibu na Zurich, waligundua upitishaji mkuu katika oksidi ya shaba, mada ambayo hakuna aliyeitarajia. Mwaka uliofuata ilipatikana oksidi nyingine ya jamii hiyo iliyofanya kazi hadi kiasi cha kelvini 93, juu ya kelvini 77 ambapo naitrojeni huchemka. Nadharia ya mwaka 1957, ambayo jozi zake hufungwa na mitetemo ya atomu, haikutosha kueleza halijoto za juu kiasi hicho wala tabia nyingine za mada hizo. Ilibainika baadaye kuwa pengo la oksidi za shaba hubadilika kwa mwelekeo. Anayetaka picha yake na aitazame karafuu kavu kwa juu: pembe nne zimesimama kulizunguka tumba, na kati ya pembe na pembe pana bonde. Penye pembe pengo ni kubwa. Penye bonde ni sifuri. Kuna jambo moja ambalo karafuu haiwezi kulionesha, nalo ni kwamba pembe zinazofuatana zina alama zinazopingana, chanya na hasi. Jambo hilo la alama lilithibitishwa kwa majaribio ya Chang Tsuei na John Kirtley kuanzia mwaka 1994, kwa kupima sumaku iliyonaswa ndani ya pete ndogo zilizotengenezwa juu ya mpaka wa fuwele tatu. Itafaa kulikumbuka, kwa kuwa hadubini inayojadiliwa hapa husoma ukubwa wa pengo kwa wepesi, lakini kuhusu alama yake karibu ni kipofu.

2. Chombo na kile kinachosoma

Hadubini ya upenyaji ilibuniwa na Gerd Binnig na Heinrich Rohrer mwaka 1981 katika maabara ile ile ya Zurich. Ni nadra maabara moja kupata Tuzo ya Nobel ya Fizikia miaka miwili mfululizo, lakini hivyo ndivyo ilivyokuwa: 1986 kwa hadubini, 1987 kwa oksidi za shaba. Miaka michache baadaye ugunduzi mmoja ulianza kutumiwa kuuhoji mwingine.

Chombo chenyewe hakina lenzi. Kina ncha ya metali iliyochongwa hadi mwisho wake ukaribie kuwa atomu moja, na ncha hiyo husogezwa mpaka ibaki umbali unaopungua nanomita moja kutoka kwenye uso wa mada. Haigusi. Hata hivyo, volteji ndogo ikiwekwa kati ya ncha na uso, elektroni huvuka ombwe lililopo kati yao kwa njia ambayo fizikia ya kale haiiruhusu na fizikia ya kwantamu huiita upenyaji. Mkondo unaopatikana ni mdogo sana, lakini una sifa moja yenye thamani kubwa: umbali ukiongezeka kwa sehemu ya kumi ya nanomita, mkondo hupungua takribani mara kumi. Hivyo ncha ikipitishwa juu ya uso huku mtambo ukiipandisha na kuishusha ili mkondo usibadilike, mwendo wake wa juu na chini huchora ramani ya uso, atomu kwa atomu.

Picha za atomu ndizo zilizoipatia hadubini hii umaarufu, lakini kwa mtafiti wa vipitishi vikuu kazi kubwa huanza pale ncha inaposimama. Ncha huachwa juu ya nukta moja, urefu wake hufungwa, na volteji hubadilishwa polepole. Kasi ambayo mkondo hubadilika kwa kila badiliko la volteji hulingana na wingi wa nafasi ambazo elektroni zinaweza kukalia katika nishati ile, kwenye nukta ile. Ndani ya pengo nafasi hizo hukosekana, na kwa hiyo mchoro hushuka na kufanya bonde katikati. Wazo la kupima pengo kwa upenyaji lilitangulia hadubini yenyewe: Ivar Giaever alilipima mwaka 1960 kwa kutumia metali mbili zilizotenganishwa na tabaka jembamba la oksidi. Alichokipata kilikuwa wastani wa eneo zima. Hadubini hukipata nukta kwa nukta, na bonde lenyewe lina umbo la kusomwa. Likiwa na sakafu bapa kama herufi U, pengo ni sawa pande zote. Likichongoka kama herufi V, kuna mielekeo ambayo pengo hupungua hadi sifuri.

Joto huifisha picha hiyo. Katika kelvini 4.2, halijoto ya heliamu ya kimiminika, mstari wowote katika mchoro hupanuka kwa takribani millielektronivolti 1.3. Pengo la Bi-2212 hufikia kiasi cha millielektronivolti 40, kwa hiyo ukungu huo huvumilika. Kwa mada ambayo upitishaji wake mkuu hukoma kwenye kelvini moja au mbili, ukungu huwa mkubwa kuliko kitu kinachotafutwa, na mtafiti hana budi kushuka hadi sehemu za kumi za kelvini, ambako gharama na ugumu wa kazi huongezeka maradufu.

3. Miaka ya uso mmoja

Fuwele ya Bi-2212 imejengwa kwa bismuthi, strontiamu, kalisi, shaba na oksijeni, nayo hukatika kirahisi kati ya tabaka mbili za oksidi ya bismuthi, kama kitabu kinavyofunguka penye ukurasa. Ikikatwa ndani ya ombwe hutoa uso safi na tambarare. Ndiyo sababu iliyoifanya ipendwe na wenye hadubini kuliko oksidi nyingine zenye sifa za kinadharia zinazovutia zaidi. Uteuzi wa mada katika sayansi mara nyingi huamuliwa na jambo la kawaida kama hilo.

Matunda yalikuwa mengi. Mwaka 2000 ilichapishwa picha ya atomu moja moja za zinki zilizokalia nafasi za shaba, na kuzunguka kila moja ilionekana alama ya msalaba wenye mikono minne, inayokubaliana na pengo la umbo la karafuu. Miaka miwili iliyofuata ilionesha kuwa ukubwa wa pengo haulingani kila mahali: hubadilika ndani ya umbali wa nanomita chache, sehemu moja likiwa dogo na jirani yake likiwa kubwa, kama shamba lenye rutuba ya mabaka mabaka. Mwaka 2002 kundi la Séamus Davis, lililokuwa Berkeley, lilionesha kuwa elektroni zinazogonga kasoro hutawanyika na kufanya viwimbi juu ya uso, na kwamba ramani ya viwimbi hivyo ikichanganuliwa kwa hisabati ya Fourier hutoa pengo la kila mwelekeo. Kwa njia hiyo chombo kinachosoma nafasi kiliweza kusoma mwendo pia.

Lakini swali lilibaki. Ncha huona tabaka la juu la oksidi ya bismuthi. Tabaka la shaba na oksijeni, ambamo upitishaji mkuu hukaa, liko chini yake kwa kiasi cha nanomita 0.45. Chini ya hilo kuna maelfu ya matabaka ambayo ncha haiyafikii kabisa. Vipimo vingine, kama vile vya joto, sumaku na ukinzani, husoma fuwele nzima. Mabaka yalipoonekana, baadhi ya wanafizikia waliuliza iwapo ni sifa ya mada au ni athari ya kuikata. Ukurasa wa juu hauna jirani wa upande mmoja. Nani athibitishe kwamba unasema yale yale yanayosemwa na kurasa za ndani? Hoja hiyo haikuwa ya ukaidi. Nadharia ilikuwa upande wake kwa namna nyingine pia, kwa kuwa tabaka moja pekee, lisilo na majirani juu wala chini, linatarajiwa kusumbuliwa zaidi na mitikisiko inayovunja mpangilio wa jozi.

Njia ya wazi ya kulijibu swali hilo ilikuwa kuliondoa tabaka moja kutoka kwenye kitabu, kuliweka peke yake, na kulipima kwa vyombo vyote viwili: ukinzani wa gamba zima na hadubini juu ya gamba hilo hilo.

4. Kuchana gamba bila kuliharibu

Mbinu ya kuchana ilikuwapo. Mwaka 2004 Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Manchester walitumia utepe wa gundi kuchana grafiti hadi wakapata tabaka moja la kaboni, yaani grafini, na mwaka 2005 kundi lao likaonesha kuwa mada nyingine za matabaka, Bi-2212 ikiwamo, huchanika vivyo hivyo. Kuchana, hata hivyo, ni mwanzo tu. Gamba la grafini huweza kukaa mezani bila madhara makubwa. La Bi-2212 haliwezi. Oksijeni inayoamua idadi ya vibeba chaji ndani yake hutoroka hata katika halijoto ya kawaida, na unyevu wa hewa huishambulia mada yenyewe. Katika fuwele nene hasara hiyo huishia juu juu na ndani hubaki salama. Katika gamba lenye unene wa nanomita moja na nusu hakuna ndani.

Hadubini nayo ina madai yake. Gamba lina upana wa mikromita kumi au makumi kadhaa, ilhali kitako kinacholibeba hupimwa kwa milimita, na katika baridi kali ncha huweza kupapasa eneo la mikromita moja au chini kidogo kwa mara moja. Ni kama kutafuta jamvi moja lililotandikwa katika uwanja mkubwa, usiku, kwa ncha ya fimbo. Na fimbo yenyewe haistahimili kosa: kitako kwa kawaida ni kihami, hakitoi mkondo, na mtambo usiposikia mkondo huishusha ncha zaidi na zaidi mpaka igonge na kuvunjika. Ndiyo maana watafiti huzungushia gamba elektrodi za metali, huweka alama za kuongoza njia, hutazama kwa kamera ya masafa, na baadhi hupima kapasitansi kati ya ncha na elektrodi ili kujua upande wa kuelekea. Elektrodi zenyewe huleta shida, kwa sababu njia za kawaida za kuzichora hutumia kemikali na joto, navyo huacha mabaki juu ya uso ambao ulipaswa kuwa safi kuliko kitu chochote kilichomo ndani ya jengo.

Mwaka 2019 kundi la Yuanbo Zhang wa Chuo Kikuu cha Fudan, Shanghai, pamoja na washirika wake, lilichapisha matokeo ya kazi iliyoyapita vizuizi hivyo. Gamba lilichanwa ndani ya sanduku la glavu lililojaa arigoni, juu ya jukwaa lililopozwa kiasi cha nyuzi 40 za Selsiasi chini ya sifuri ili oksijeni isitoroke. Kilichobaki kilikuwa nusu ya kizio cha fuwele, kipande kidogo kabisa ambacho bado kina kila sehemu ya Bi-2212. Ukinzani ulipimwa, na hadubini ya upenyaji ikapapasa.

Halijoto ya kuanza kwa upitishaji mkuu haikutofautiana sana na ile ya fuwele nzima. Watafiti walibadilisha pia kiasi cha oksijeni na hivyo idadi ya vibeba chaji, na katika kila hatua walikuta sura zile zile zilizojulikana kutoka katika fuwele nene: upitishaji mkuu, pengo bandia linalodumu hata upitishaji mkuu unapokoma, mpangilio wa chaji, na hali ya kihami inayotokana na elektroni kuzuiana. Kwa maneno mengine, ukurasa mmoja una maandishi yote ya kitabu.

Uzito wa matokeo hayo hauko katika rekodi ya wembamba. Yanawarudishia hadhi watafiti waliokuwa wakisoma uso mmoja kwa karibu miaka ishirini, kwa kuwa tabaka moja pekee, lililopimwa ukinzani wake waziwazi, linaonesha picha ile ile. Pia yanamweka mwananadharia mahali finyu: maelezo yoyote ya upitishaji mkuu wa Bi-2212 yanayotegemea kwa lazima mshikamano kati ya kizio na kizio yamepoteza nguvu nyingi. Haiwi hivyo kwa kila mada. Selenidi ya niobiamu, kipitishi kikuu cha kelvini 7.2 kikiwa kinene, hushuka hadi kiasi cha kelvini 3 au chini yake kikiwa tabaka moja. Na selenidi ya chuma huenda upande mwingine kabisa: fuwele yake nene hukoma kwenye kelvini 8 hivi, lakini tabaka moja lililooteshwa juu ya oksidi ya strontiamu na titaniamu lilionesha, katika vipimo vya hadubini vilivyochapishwa mwaka 2012 na kundi la Qi-Kun Xue la Beijing, pengo la kiasi cha millielektronivolti 20, ambalo ni kubwa mno kwa kipitishi cha kelvini 8. Hapo kitako si jukwaa tu bali ni mshiriki. Anayesikia kwamba wembamba hauibadilishi Bi-2212 asilipeleke jibu hilo kwa mada nyingine bila kulipima upya.

5. Grafini na udhaifu wa herufi V

Mwaka 2018 kundi la Pablo Jarillo-Herrero wa MIT lilipandanisha magamba mawili ya grafini kwa pembe ya takribani nyuzi 1.1 na kupata upitishaji mkuu katika halijoto isiyozidi kelvini 1.7. Halijoto ni ndogo, lakini elektroni zinazohusika ni chache sana, na uwiano huo uliwafanya wengi wazifikirie oksidi za shaba. Faida kubwa ya mada hii ni kwamba idadi ya elektroni hubadilishwa kwa kuzungusha kitufe cha volteji, bila kuongeza wala kuondoa atomu hata moja. Hadubini ikiweza kufika, itasoma mada nyingi katika gamba moja.

Ilifika. Mwaka 2021 kundi la Ali Yazdani wa Princeton lilichapisha vipimo vya grafini ya matabaka mawili, na mwaka 2022 kundi la Stevan Nadj-Perge wa Caltech likachapisha vya matabaka matatu. Makundi yote mawili yaliona mabonde yenye umbo la V. Katika matabaka matatu umbo lilibadilika kutoka U kwenda V kadiri idadi ya vibeba chaji ilivyobadilishwa.

Ni rahisi kuhitimisha hapo kwamba grafini ni karafuu nyingine. Vipimo vya Princeton vyenyewe vinaonesha kwa nini uangalifu unahitajika. Nadharia ya mwaka 1957 inataka uwiano kati ya upana mzima wa pengo na nishati ya joto pale upitishaji mkuu unapokoma uwe kama 3.5. Pengo lililosomwa kwa upenyaji lilitoa uwiano wa kiasi cha 25. Kisha watafiti waliishusha ncha hadi ikagusa gamba na kupima kwa njia nyingine, ambayo elektroni moja inayoingia hulazimika kuchukua mwenzake ili iingie kama jozi, na kuacha tundu likirudi nyuma. Njia hiyo huzisikia jozi zenye mshikamano tu, nayo ilitoa uwiano wa kiasi cha 6. Zaidi ya hayo, pengo kubwa la upenyaji lilidumu hata upitishaji mkuu ulipozimwa.

Maana yake ni kwamba bonde linaloonekana si lote la upitishaji mkuu. Sehemu yake ni pengo bandia, kama lile la oksidi za shaba, na umbo la V la mchanganyiko wa mapengo mawili haliwezi kusomwa kana kwamba ni la moja. Kuna na sababu nyingine za kuchongoka: kasoro, ukungu wa joto, pengo linalopungua sana katika mwelekeo fulani bila kufikia sifuri. Kazi ya Princeton inastahili sifa hasa kwa kuwa haikuishia kwenye umbo la kupendeza. Ilileta kipimo cha pili kikalipinga la kwanza. Ripoti yoyote itakayowafikia washauri wa sera ikidai aina ya kipitishi kwa mchoro mmoja wa upenyaji inapaswa kuulizwa kwanza kipimo chake cha pili ni kipi.

Tatizo la alama ya pengo linajitokeza wazi zaidi katika magamba mawili ya Bi-2212 yaliyopandanishwa kwa pembe. Iwapo pengo lina umbo la karafuu lenye alama zinazopishana, basi kwenye pembe ya nyuzi 45 pembe za gamba la juu hukaa juu ya mabonde ya gamba la chini, na mkondo wa jozi kati yao unapaswa karibu kutoweka. Kundi la Qi-Kun Xue lilichapisha mwaka 2021 vipimo vilivyoonesha kuwa mkondo huo haukutoweka. Kundi la Philip Kim wa Harvard, likipandanisha magamba katika baridi kali, lilichapisha mwaka 2023 vipimo vilivyoonesha kuwa hupungua sana, pamoja na dalili kuwa kwenye pembe hiyo huzaliwa hali mpya ambayo mwendo wake wa mbele na wa nyuma katika wakati haulingani. Mada ni moja, pembe ni moja, na majibu ni mawili. Kilichotofautiana kwa hakika ni namna ya kuandaa mpaka kati ya magamba, ambao hutegemea oksijeni ile ile inayotoroka. Hadubini ya upenyaji haiwezi kuutatua mgogoro huu peke yake, kwa kuwa mpaka umefunikwa, lakini inaweza kueleza iwapo gamba la juu bado ni zima au limeshageuka kihami kabla ya kupandanishwa. Kwa mjadala uliofikia hapo, taarifa hiyo ina thamani kuliko nadharia nyingine ya ziada.

6. Masharti ya utafiti na nafasi ya Afrika Mashariki

Hadubini ya upenyaji ya halijoto ya chini huhitaji jengo lisilotikisika, umeme usiokatika kwa siku kadhaa mfululizo, kwa kuwa ramani moja ya viwimbi huweza kuchukua muda huo, na heliamu. Nchi inayoanza kwa kununua chombo hicho inaanzia mwisho. Hadubini za mafunzo zinazofanya kazi hewani na katika halijoto ya chumba huweza kuonesha atomu za grafiti kwa gharama ndogo sana, na mwanafunzi aliyeizoea ncha inayogonga grafiti ataiharibu kwa nadra zaidi ile ya bei kubwa. Sehemu nyingine ya kazi haihitaji ncha kabisa. Ramani zinazotoka katika hadubini ni majedwali makubwa ya namba, na uchambuzi wake pamoja na hesabu za kinadharia hufanywa kwenye kompyuta. Taasisi ya EAIFR iliyoko Kigali, iliyoanzishwa mwaka 2018 katika Chuo Kikuu cha Rwanda kwa ushirikiano na kituo cha ICTP cha Trieste, tayari ina fizikia ya mada mango miongoni mwa maeneo yake, na hapo ndipo ushirikiano na maabara zenye hadubini unapoweza kuanza bila kusubiri jengo.

Heliamu ni suala la aina nyingine, na ndilo linalowahusu washauri wa sera moja kwa moja. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, wakishirikiana na kampuni ya Helium One, walitangaza kuwapo kwa heliamu nyingi katika bonde la Rukwa nchini Tanzania, ambako joto la volkano limeitoa gesi hiyo kutoka katika miamba ya kale. Mjadala wa hadhara umejikita katika bei ya kuuza nje. Hata hivyo, kipitishi kikuu kinachofahamika zaidi katika eneo hili hakiko maabarani bali hospitalini: sumaku za mashine za kupiga picha za MRI kwa kawaida ni nyaya za niobiamu na titaniamu zilizozamishwa katika heliamu ya kimiminika. Gesi hii ikitoroka hupanda na hatimaye huiacha dunia, hairudi. Kisima cha gesi pekee hakitoshi, kwa kuwa kati ya gesi inayotoka ardhini na kimiminika cha kelvini 4.2 kuna usafishaji, kigeuzi cha gesi kuwa kimiminika, na mabomba ya kuirudisha gesi iliyochemka badala ya kuiachia hewani. Mtambo mmoja wa namna hiyo, ukiwekwa mahali ambapo hospitali na chuo kikuu vinaweza kuuchangia, ungehudumia sumaku za wagonjwa tangu siku ya kwanza, na maabara ya halijoto ya chini ingeukuta tayari unafanya kazi. Vipengele hivyo vya usafishaji, ugeuzaji na urejeshaji vinaweza kuingizwa katika masharti ya leseni za uchimbaji, na vingefaa kujadiliwa kabla mikataba ya mauzo ya muda mrefu haijatiwa saini.